Bega Lililosahauliwa: Anguko la John Stephen Akhwari wa Mbulu na Historia ya Majeraha katika Riadha ya Tanzania

Historia ya riadha ya Tanzania haiwezi kuandikwa bila kutaja nyanda za juu za Mbulu na Hanang, wilaya ambazo leo zimo katika Mkoa wa Manyara. Mbulu ndiko alikozaliwa John Stephen Akhwari mwaka 1938. Hanang inahusishwa na Gidamis Shahanga, mshindi wa marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edmonton, Kanada, mwaka 1978. Hata hivyo, historia hiyo imejengwa zaidi juu ya medali na miguu. Mwili wa mwanariadha kwa ujumla wake haujapewa nafasi ya kutosha. Insha hii inadai kwamba kisa maarufu kuliko vyote vya wakimbiaji wa eneo hilo kimesomwa nusu, kwa kuwa goti limekumbukwa na bega limesahauliwa.

Tarehe 20 Oktoba 1968, wakimbiaji 75 walianza marathoni ya Michezo ya Olimpiki jijini Mexico City, mji ulio takribani mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Akhwari alibanwa na misuli mapema. Alipofika karibu na kilomita ya 19, wakimbiaji wakigombea nafasi, alianguka. Goti lilijeruhiwa na kuteguka, na bega likagonga barabara kwa nguvu. Alifungwa bendeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani jioni, akimaliza kwa saa 3 dakika 25, wa mwisho kati ya 57 waliofika. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, si kuzianza tu.

Masimulizi ya tukio hilo yanataja bega; hayataji kombe la bega. Mwanahistoria hana ruhusa ya kuongeza mvunjiko ambao haukuandikwa. Anachoweza kufanya ni kueleza maana ya bega lililogongwa kwa mtu ambaye bado ana zaidi ya kilomita 20 za kukimbia. Kombe la bega ni mfupa bapa wa pembetatu ulio juu ya mbavu za mgongoni. Kiungo chake pekee na mifupa ya kiwiliwili hupitia mtulinga. Kwingineko hushikiliwa na misuli, nalo huteleza juu ya mbavu kila mkono unaposogea. Mkimbiaji hurusha mkono wa kulia mguu wa kushoto unapotangulia, ili kiwiliwili kisizunguke kupita kiasi. Bega likiuma, mkono hukazwa ubavuni, kiwiliwili huyumba na nguvu nyingi zaidi hutumika kwa kila hatua. Hivyo basi, Akhwari alipoteza nguzo mbili kwa pamoja: goti lililobeba uzito na bega lililosaidia kutunza mizani.

Swali linalofuata ni kwa nini kumbukumbu ilichagua goti. Bendeji ya mguuni ilionekana kwenye picha na filamu. Maumivu ya bega hayana picha. Aidha, taifa changa, miaka saba tu baada ya uhuru wa Tanganyika, lilipata katika kuchechemea kule ishara ya uvumilivu. Mwaka 1983 Akhwari alitunukiwa nishani ya shujaa wa taifa. Heshima hiyo alistahili. Lakini ishara ina gharama yake: jeraha likishageuzwa kuwa fundisho la uzalendo, ni vigumu kuuliza kuhusu tiba, mapumziko na haki ya mwanariadha kusimama. Katika mbio hizo hizo, Abebe Bikila wa Ethiopia, bingwa wa 1960 na 1964, aliacha kwa sababu ya jeraha la mguu. Wakimbiaji 18 hawakumaliza. Hakuna sababu ya kuwahesabu kuwa waoga.

Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, Akhwari alimaliza marathoni katika nafasi ya tano. Matokeo hayo hayasimuliwi mara nyingi, ingawa ndiyo yanayothibitisha kwamba mtu aliyeanguka Mexico City alikuwa mshindani wa daraja la juu, na kwamba mwili wake ulipona ukakimbia tena. Historia kamili ya riadha ya Mbulu na Hanang inapaswa kuanzia hapo: katika kupona sawa na katika kuvumilia. Kijana wa Manyara anayefundishwa kisa cha Akhwari anahitaji kuambiwa mambo mawili kwa pamoja, kwamba mzee huyo alimaliza, na kwamba bega linalouma baada ya anguko lapaswa kuchunguzwa kabla ya mbio nyingine.