Sheria za bodaboda na bajaji Ufipa

Sheria za bodaboda na bajaji Ufipa ni kanuni zinazotawala usafiri wa abiria na mizigo kwa pikipiki za magurudumu mawili na matatu katika mji wa Sumbawanga na nyanda za juu za Ufipa, mkoa wa Rukwa, Tanzania. Kanuni zenyewe ni za nchi nzima, lakini mazingira ya Ufipa yanazipa uzito wake: mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, wakati bonde la Ziwa Rukwa liko karibu mita 800 tu, na kati yake kuna mteremko mkali.

Asili
Neno bodaboda lilianza kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli walivusha watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Nchini Tanzania pikipiki zilibeba abiria kwa malipo miaka mingi kabla sheria haijaziruhusu. Ruhusa ilikuja kwa marekebisho ya mwaka 2009 ya Sheria ya Leseni za Usafirishaji, yakafuatwa na kanuni za pikipiki na bajaji za mwaka 2010. Leseni zilikuwa chini ya SUMATRA. Tangu mwaka 2019 mamlaka hiyo imerithiwa na LATRA. Kazi ya kutoa leseni za pikipiki ilikasimiwa kwa halmashauri.

Masharti
Chombo husajiliwa na Mamlaka ya Mapato (TRA), na namba ya pikipiki huanza na herufi MC. Kinatakiwa kuwa na bima, angalau ile ya kufidia mtu wa tatu, pamoja na leseni ya usafirishaji. Dereva naye awe na leseni yake ya udereva: daraja A au A1 kwa pikipiki kulingana na ukubwa wa injini, na A2 kwa bajaji. Mambo haya mawili huchanganywa mara nyingi. Vijana wengi huendesha pikipiki ya tajiri na kumpelekea hesabu kila siku, nao hudhani kwamba karatasi za mwenye chombo zinawatosha. Hazitoshi.

Barabarani, dereva na abiria wote wawili huvaa kofia ngumu. Mwendo katika maeneo ya makazi usizidi kilomita 50 kwa saa. Mtoto wa chini ya miaka 9 haruhusiwi kupakiwa kwenye pikipiki. Adhabu ya papo kwa papo kwa kila kosa la bodaboda na bajaji ilikuwa shilingi 30,000 hadi mwaka 2021, ilipopunguzwa kuwa 10,000.

Mshikaki na mgonjwa
Pikipiki hubeba abiria mmoja tu. Kupakia wawili au zaidi huitwa mshikaki, kwa kuwa watu hupangana kama nyama kwenye kijiti, na ni kosa.

Katika vijiji vya bondeni kama vile Muze na Mtowisa, sharti hili hukutana na shida halisi. Mama mjamzito au mgonjwa aliyelegea hawezi kujishikilia mwenyewe pikipiki inapopanda mlima kuelekea Sumbawanga, hivyo ndugu hukaa nyuma yake na kumkumbatia. Kisheria huo ni mshikaki sawa na ule wa vijana watatu wanaotoka mnadani. Hata hivyo sababu ya katazo ni ya kweli: uzito wa watu watatu hurudi nyuma ya gurudumu, gurudumu la mbele huwa jepesi, na usukani hautii kwenye kona ya changarawe. Wakati wa kuteremka breki nazo hupata moto. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua zinaponyesha, udongo huteleza na hatari huongezeka. Bajaji ingemfaa zaidi mgonjwa, lakini magurudumu yake madogo yanafaa mjini na kwenye lami ya kwenda Tunduma kuliko kwenye njia za mlimani.

Mizigo
Mahindi na maharage ya Ufipa hutoka mashambani kwa guta, yaani pikipiki ya magurudumu matatu yenye tela la wazi, au kwa pikipiki ya kawaida iliyofungwa magunia. Guta ni chombo cha mizigo. Kuwakalisha wavunaji juu ya magunia si halali, ingawa huonekana kila msimu.

Pikipiki za magurudumu manne
Pikipiki hizi ni chache nchini, hasa kwenye mashamba makubwa na utalii. Katika leseni huwekwa daraja moja na bajaji, A2. Nchi nyingine zimezitungia sheria za pekee. Jimbo la Ontario nchini Kanada lina sheria yake hata kwa vyombo vya kwenda juu ya theluji.