Usukani wa Lori Unapokuwa Mzito Safarini: Hatua za Kuchukua

Barabara Kuu ya TANZAM, inayounganisha Dar es Salaam na mpaka wa Tunduma kwa umbali wa zaidi ya kilomita 900, hupitisha kila siku malori yenye shehena ya kwenda na kutoka Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Miongoni mwa hitilafu zinazoweza kumkuta dereva katika safari hiyo ndefu ni kuharibika kwa mfumo unaorahisisha kuzungusha usukani, ambao madereva na mafundi huuita pawa stelingi. Hitilafu hiyo inaweza kudhibitiwa. Hatari huongezeka pale dereva anapozima injini gari likiwa bado katika mwendo, au anapoamua kuendelea na safari kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Katika malori mengi, pampu inayoendeshwa na injini husukuma mafuta maalumu kutoka kwenye chombo chake hadi kwenye sanduku la usukani. Mgandamizo wa mafuta hayo huisaidia mikono ya dereva kugeuza magurudumu ya mbele, ambayo hubeba uzito mkubwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu udhibiti wa uzito wa magari inaruhusu ekseli ya mbele ya usukani kubeba hadi tani 8.

Msaada huo unapokatika, vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu hubaki vimeshikana. Lori bado linageuka, ila kwa nguvu kubwa zaidi na kwa kuchelewa. Kanuni Namba 79 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu mifumo ya usukani, inaweka kikomo cha nguvu ya mikono kwa malori mazito kuwa niutoni 200 mfumo ukiwa mzima. Kwa malori mengi ya aina hiyo, kikomo hicho hupanda hadi niutoni 450 msaada unapokosekana. Kwa hiyo, dereva anaweza kulazimika kutumia zaidi ya mara mbili ya nguvu aliyoizoea.

Hatua za kuchukua gari likiwa katika mwendo

Dereva anapaswa kushika usukani kwa mikono yote miwili, kuondoa mguu kwenye kichapuzi na kuwasha taa za tahadhari. Apunguze mwendo hatua kwa hatua kwa kutumia breki na gia, huku akitafuta sehemu tambarare na iliyonyooka upande wa kushoto, nje ya njia ya magari. Kila kona ianze kukatwa mapema, kwa kuwa usukani hautaitikia kwa wepesi wa kawaida. Kadiri mwendo unavyopungua, usukani huzidi kuwa mzito, hivyo sehemu ya kuegesha ichaguliwe kabla lori halijakaribia kusimama.

Injini isizimwe kabla gari halijasimama kabisa. Kuizima kunaondoa msaada wowote uliosalia katika pampu, kunasimamisha uzalishaji wa upepo wa breki na kunaweza kufunga usukani iwapo ufunguo utarudishwa hadi mwisho. Kwa sababu hizo hizo, tabia ya kuteremka milima kwa gia huru au injini ikiwa imezimwa ili kuokoa mafuta haina budi kuachwa. Katika miteremko ya Kitonga mkoani Iringa na Sekenke mkoani Singida, lori lenye usukani mzito linahitaji gia ndogo na breki ya injini.

Baada ya kusimama

Dereva afunge breki ya maegesho, azime injini, aweke kabari kwenye magurudumu na kupanga pembetatu za tahadhari kwa umbali utakaowawezesha wanaokuja kuziona mapema. Penye kona, pembetatu iwekwe kabla ya kona hiyo. Utingo na abiria washukie upande usiopitiwa na magari. Endapo lori limeziba njia, taarifa itolewe Polisi kupitia namba 112. Mawe na matawi yaliyotumika kama alama au kabari yaondolewe barabarani kabla ya kuondoka, kwani yameachwa mengi na kuwa mtego kwa wapandao pikipiki usiku.

Uchunguzi wa awali

Kabla ya kulaumu pampu, tairi za mbele zikaguliwe, kwa kuwa tairi iliyopungua upepo nayo hufanya usukani kuwa mzito. Baada ya hapo, kiwango cha mafuta kiangaliwe, pamoja na mipira ya kupitishia mafuta na mkanda wa pampu kwa malori yanayoutumia. Mpira unaovuja usipapaswe kwa mkono injini ikiwa inaunguruma, kwani mafuta yenye mgandamizo mkubwa yanaweza kupenya ngozi. Aidha, mafuta yanayodondokea bomba la moshi lenye joto yanaweza kuwaka moto.

Mafuta yakiwa yamepungua, yaongezwe ya aina iliyoelekezwa na mtengenezaji wa gari. Mafuta ya breki au ya kupikia yasitumike, kwa sababu huharibu mipira ya ndani ya mfumo. Ikiwa mafuta yanaendelea kuvuja, au pampu inatoa mlio wa kulalamika, lori lisubiri fundi. Vilevile, usukani unaozunguka bila magurudumu kufuata ni dalili ya hitilafu nyingine iliyo kubwa zaidi, na gari hilo halipaswi kusogezwa isipokuwa kwa kuvutwa.

Wajibu wa wamiliki

Lori lisilo na msaada wa usukani linaweza kusogezwa taratibu hadi mahali salama pa karibu, lakini halifai kumaliza safari. Wamiliki wa magari hawapaswi kumshinikiza dereva kuendelea kwa kuhofia kuchelewesha shehena. Dereva anayepigania usukani kwa kilomita nyingi huchoka, na mtoto anapokatiza barabara ghafla kijijini, mikono hiyo iliyochoka ndiyo inayotegemewa kumkwepa. Ukaguzi wa mafuta, mipira na mkanda kabla ya kila safari huchukua dakika chache, nao ufanyike gari likiwa bado katika yadi.