Kodi ya parseli na mawe ya Nyiragongo

Kodi ya parseli inatoka kwenye sheria ya tarehe 10 Februari 1969: nyumba ikisimama, Leta inapata. Basi tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilimwaga moto mpaka Ziwa Kivu. Nyumba zikazikwa, maduka yakaungua. Mji ulikosa vya kutoza kodi wakati uleule barabara na maji vilihitaji franga nyingi. Wafadhili walisaidia, na siye tuliorudi tukafanya salongo, tukajenga juu ya mawe yaleyale. Leo nyumba zimesimama tena. Lipa, tunza karatasi, kisha uliza: franga zilifanya nini? Lakini karatasi ya kodi si sertifika; kwa sheria ya 1973, sertifika njo ushahidi wa parseli.