Mkono, Jeraha na Kupasua

Neno la Kiingereza "surgery" lina asili ya Kigiriki: "kheir" ni mkono, "ergon" ni kazi. Lilipitia Kilatini na Kifaransa cha kale. Kazi ya mkono tu, na matabibu wasomi waliidharau! London, mwaka 1540, wapasuaji waliunganishwa na vinyozi katika chama kimoja, wakatengana 1745. Hadi leo mpasuaji wa Uingereza huitwa Bwana au Bibi, si Daktari.

Waarabu walitazama kidonda, wakasema "jiraha". Sisi tulichukua jeraha tukaiacha tiba yake, tukaunda upasuaji kutokana na kupasua, kitenzi kilekile cha mbao na kuni. Baadhi ya wanafunzi hukimbilia "operesheni", wakidhani ina heshima zaidi. Kwangu, neno upasuaji halimfichi mgonjwa kile anachokwenda kufanyiwa.