Jeni Iliyolala: Nusu Karne ya Kuitafuta Tiba ya Selimundu

Mwaka 1948, huko Brooklyn, New York, daktari wa watoto Janet Watson alichunguza damu ya vichanga waliorithi jeni ya selimundu, akakuta chembe zinazojikunja kama mundu ni chache mno. Miezi ilivyosonga, zikaongezeka. Watson akahisi kwamba kuna kitu mtoto anatoka nacho tumboni mwa mama kinachomkinga, kisha kinamwishia.

Kitu hicho ni himoglobini ya kijusi. Kila binadamu huzaliwa nayo, nayo ina jeni yake. Mtoto akishazaliwa, mwili huizima jeni hiyo polepole na kuiwasha ile ya himoglobini ya utu uzima. Kwa mtoto wa selimundu, jeni inayowashwa ndiyo yenye kasoro. Hapo ndipo mama huanza kuona viganja na nyayo za mwanawe zimevimba, macho yana umanjano, na usiku kucha ni kilio kisichotulizwa na titi. Jeni nzima haijapotea. Ipo ndani ya mwili uleule, imelala.

Kwamba inaweza kubaki macho, ushahidi mmojawapo ulitoka Uganda. Mwaka 1958, G. F. Jacob na A. B. Raper waliandika juu ya watu ambao miili yao iliendelea kutengeneza himoglobini ya kijusi hadi utu uzima, kwa urithi wa ukoo. Mtu wa namna hiyo aliyerithi pia jeni ya selimundu hakuteseka kama wengine. Kazi ile haitajwi inavyostahili pale historia ya ugonjwa huu inapoandikwa, ilhali swali zito lilikuwa limeshawekwa mezani: kama kwa watu hawa jeni haikuzimwa, ni nini kinachoizima kwa wengine wote?

Jibu lilisubiri miaka hamsini, na lilipitia njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Mwaka 1977, makundi mawili ya watafiti nchini Marekani, moja likiongozwa na Phillip Sharp na jingine na Richard Roberts, yaligundua kwamba jeni haisomwi moja kwa moja. Seli hunakili jeni nzima katika RNA, kisha hufanya kazi ya fundi cherehani: hukata vipande visivyohitajika, huvitupa, na kuunga vilivyobaki ndipo protini itengenezwe. Vipande vinavyotupwa huitwa introni. Mwaka huohuo ilionekana kwamba hata jeni ya himoglobini ya sungura ina introni katikati yake. Sharp na Roberts walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993.

Ukataji ukikosewa, mtu huugua. Mwaka 1981 ilibainika kwamba baadhi ya wagonjwa wa thalasemia, ugonjwa mwingine wa kurithi wa damu, kutoka nchi za Mediterania wana herufi moja tu iliyobadilika ndani ya introni ya jeni ya himoglobini. Herufi hiyo huifanya seli ikate mahali pasipo pake, na damu ikapungua.

Jibu la swali lile likaja mwaka 2008: kundi la Stuart Orkin na Vijay Sankaran mjini Boston lilionyesha kwamba inayoinyamazisha himoglobini ya kijusi ni protini iitwayo BCL11A. Lakini protini hiyo ina kazi nyingine muhimu mwilini, haiwezi kufutwa kila mahali. Mwaka 2013 kundi hilo, safari hii Daniel Bauer akiwa mstari wa mbele, likapata kipande cha DNA kinachoichochea BCL11A katika seli zinazozaa chembe nyekundu. Kipande hicho kimo ndani ya introni, sehemu ambayo RNA yake hukatwa na kutupwa!

Tiba iitwayo Casgevy hukata hapohapo. Seli za uboho za mgonjwa hutolewa, huhaririwa maabara, kisha hurudishwa baada ya dawa kali kuusafisha uboho wa zamani. Uingereza iliiidhinisha Novemba 2023, Marekani Desemba. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha, 29 walipitisha angalau miezi 12 mfululizo bila kupatwa na maumivu makali. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Tiba ya bei hiyo haimfikii mtoto wa Muheza wala wa Mbale. Inayoweza kumfikia ni haidroksiyurea, dawa ya kumeza ambayo tangu mwaka 1984 inajulikana kuwa huipandisha himoglobini ya kijusi. Madaktari wengi walihofu kuitoa kwenye maeneo yenye malaria. Utafiti wa REACH, uliohusisha watoto 606 katika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, uliiondoa hofu hiyo: matukio ya maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria ikapungua kwa takriban nusu, na vifo vikashuka.

Matokeo hayo yalichapishwa mwishoni mwa 2018. Hakuna tena sababu ya kitabibu ya kuichelewesha dawa hii. Wizara za afya ziweke kipimo cha selimundu katika wodi za wazazi, na haidroksiyurea ifike hospitali za wilaya kwa bei ambayo mkulima anaimudu. Nawe msomaji, kama kuna mtoto nyumbani ambaye viganja humvimba mara kwa mara, mpeleke akapimwe wiki hii.