Picha ya Pili: Setilaiti na Historia ya Kupima Mwendo wa Barafu ya Ncha za Dunia, 1957–2018

Utangulizi

Tabaka kuu la barafu la Antaktika lingeyeyuka lote, usawa wa bahari ungepanda kwa takriban mita 58. Lile la Greenland lingeongeza takriban mita 7. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, takwimu za namna hii hazikuwatia hofu wataalamu wengi, kwa kuwa ilichukuliwa kwamba matabaka hayo hubadilika polepole mno, kwa kipimo cha maelfu ya miaka. Kufikia 2018 dhana hiyo ilikuwa imeporomoka. Insha hii inaeleza jinsi ilivyoporomoka, na inajenga hoja kwamba mageuzi hayo hayakuletwa na picha za setilaiti kwa sababu tu zilipigwa kutoka juu. Yaliletwa na kuwapo kwa picha ya pili ya mahali palepale, iliyoweza kuwekwa kando ya ile ya kwanza. Kwa hiyo historia ya elimu ya barafu katika kipindi hiki ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya kumbukumbu: nani alizitunza, nani aliruhusiwa kuzitazama, na zilikatika wapi.

Vigingi na matrekta

Barafu ya nchi kavu haitulii. Theluji inayoanguka mwaka baada ya mwaka hushindiliwa ikawa barafu, na uzito wake huisukuma kuelekea pwani. Sehemu za ndani ya bara husogea mita chache tu kwa mwaka, ilhali mikondo yenye kasi husogea mamia ya mita au hata kilomita kadhaa. Kabla ya setilaiti, mtafiti aliyetaka kuujua mwendo huo alisimika vigingi kwenye barafu, akapima mahali vilipo, kisha akarudi msimu mwingine kuvipima tena. Njia hiyo ilikuwa sahihi, lakini ilihusu sehemu ndogo tu ya eneo kubwa kuliko Australia.

Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, 1957–1958, ulipanua kazi hiyo. Vikosi vya nchi mbalimbali vilisafiri juu ya Antaktika kwa matrekta, vikilipua baruti na kupokea mwangwi kutoka kwenye mwamba ili kujua unene wa barafu. Iligundulika kwamba katika Antaktika ya Magharibi barafu nyingi imekalia mwamba ulio chini sana ya usawa wa bahari. Kutokana na ugunduzi huo, John Mercer wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alionya mwaka 1978 kwamba ongezeko la hewa ya kaboni lingeweza kulivunja tabaka hilo. Onyo lake lilijengwa juu ya umbo la mwamba na ushahidi wa zama zilizopita. Kilichokosekana ni vipimo vya kuonyesha kwamba barafu hiyo inabadilika sasa.

Kuweka picha mbili pamoja

Setilaiti ya Landsat 1 ilirushwa na Marekani tarehe 23 Julai 1972. Nukta moja ya picha zake ilifunika takriban mita 80 za ardhi, na njia yake haikufika kwenye ncha yenyewe. Hata hivyo, picha zake zilitosha kuandaa atlasi. Juzuu kuhusu Antaktika, iliyoandikwa na Charles Swithinbank, ilitolewa na shirika la Jiolojia la Marekani mwaka 1988.

Matumizi ya kina zaidi yalitokana na wazo sahili. Barafu iendayo kasi hupasuka, na nyufa zake huchukuliwa na mkondo kama takataka zinavyochukuliwa na mto. Picha mbili zikilinganishwa kwa kutumia alama zisizosogea, ufa uleule utaonekana mahali pawili. Umbali kati ya mahali hapo, ukigawanywa kwa muda uliopita, ndio kasi. Mwaka 1991 Robert Bindschadler na Theodore Scambos walionyesha kwamba kompyuta inaweza kufanya ulinganishi huo, ikapata kasi ya mkondo mzima badala ya kasi ya vigingi vichache.

Mbinu hiyo ilikwama palipo na mawingu, katika giza la miezi ya baridi, na penye barafu laini isiyo na nyufa. Jibu lilikuwa rada, ambayo haihitaji mwanga wa jua na hupenya mawingu. Setilaiti ya Ulaya, ERS-1, ilirushwa Julai 1991. Miaka miwili baadaye Richard Goldstein na wenzake walilinganisha mawimbi ya rada yaliyorudi kutoka Rutford, mkondo wa barafu wa Antaktika, katika safari mbili zilizopishana kwa siku chache, wakatambua msogeo mdogo mno usioweza kuonekana katika picha ya kawaida. Mbinu hiyo, iitwayo intaferometri, ilifichua jambo jingine pia: barafu inayoelea hupanda na kushuka bahari inapojaa na kupwa, lakini iliyokalia mwamba haifanyi hivyo. Kwa hiyo mpaka baina ya hizo mbili uliweza kuchorwa kutoka angani. Mwaka 1998 Eric Rignot alieleza kwamba mpaka huo katika mto wa barafu wa Pine Island ulirudi nyuma kwa takriban kilomita 1.2 kila mwaka kati ya 1992 na 1996. Pine Island umo katika eneo lilelile alilolihofia Mercer.

Kumbukumbu za siri

Mwaka 1995 serikali ya Marekani iliondoa usiri wa picha zaidi ya 860,000 zilizopigwa na setilaiti za kijasusi katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Miongoni mwake zilikuwamo picha za Antaktika za mwaka 1963, zilizopigwa na setilaiti za mfululizo wa Argon. Bindschadler na Patricia Vornberger walizilinganisha na picha za baadaye, na mwaka 1998 wakatoa matokeo kuhusu mkondo ulioitwa wakati huo kwa herufi B, ambao leo huitwa Whillans. Mkondo huo ulikuwa umepanuka kwa kilomita 4, na kasi yake ilikuwa imepungua kwa nusu.

Tokeo hilo lina uzito wa pekee. Mkondo uliopunguza mwendo hauungi mkono hofu ya kuporomoka haraka, lakini unakanusha vilevile imani kwamba barafu haibadiliki ndani ya umri wa mtu mmoja. Aidha, ushahidi wake ulikuwapo tangu 1963. Kilichouzuia kutumika ni sanduku lililofungwa.

Larsen B na mtihani wa dhana

Kuanzia tarehe 31 Januari 2002, setilaiti ya Terra ilionyesha barafu inayoelea iitwayo Larsen B, mashariki mwa Rasi ya Antaktika, ikisambaratika. Katika muda wa takriban siku 35 kilomita za mraba 3,250 zilivunjika. Matope yaliyochimbwa baadaye kwenye sakafu ya bahari yalionyesha kwamba barafu hiyo ilikuwapo kwa zaidi ya miaka 10,000.

Barafu inayoelea ikivunjika haipandishi bahari kwa kiasi cha kutajika, kwa kuwa uzito wake umekwisha kubebwa na maji. Swali lilikuwa iwapo inazuia barafu iliyo nyuma yake. Picha za kabla na baada zilijibu. Mito ya Hektoria, Green na Evans, iliyopoteza kizuizi chake, ilifikia mwaka 2003 kasi mara nane ya ile ya mwaka 2000. Mito ya Flask na Leppard, iliyokuwa bado imezuiwa na mabaki ya Larsen B, haikuongeza kasi. Ni nadra maumbile kumpa mtafiti ulinganishi ulio wazi kiasi hiki. Greenland nako, mto wa Jakobshavn ulikwenda kilomita 5.7 kwa mwaka mnamo 1992, na kilomita 12.6 mnamo 2003.

Hata hivyo, nadharia ilibaki nyuma ya picha. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, katika ripoti yake ya 2007, liliacha nje ya makadirio ya usawa wa bahari mabadiliko ya haraka ya mtiririko wa barafu yatakayotokea baadaye, kwa kuwa hapakuwa na msingi wa kutosha wa kuyakokotoa.

Ramani na hesabu

Mwaka 2008 Marekani ilianza kutoa hazina yote ya Landsat bila malipo. Mwaka 2011 Rignot, Jérémie Mouginot na Bernd Scheuchl walichapisha ramani ya mwendo wa barafu ya Antaktika nzima, wakitumia rada za setilaiti za Ulaya, Kanada na Japani. Kisha mwaka 2018 kundi la kimataifa la watafiti liliunganisha vipimo vya mwendo, vya kimo na vya nguvu ya mvutano, likakadiria kwamba Antaktika ilipoteza tani bilioni 2,720 za barafu kati ya 1992 na 2017, kwa tofauti inayoweza kufikia tani bilioni 1,390 juu au chini. Kiasi hicho ni sawa na milimita 7.6 za bahari. Hasara ya Antaktika ya Magharibi iliongezeka kutoka tani bilioni 53 hadi 159 kwa mwaka.

Hitimisho

Milimita 7.6 hazifikii unene wa kidole kidogo. Kwa wakazi wa Lamu, Unguja au Kilwa, ambao bahari yao ni moja na ile ya Antaktika, swali zito ni iwapo mwendo unaongezeka, na swali hilo haliwezi kujibiwa kwa picha moja, hata ingekuwa angavu kiasi gani. Mlolongo wa picha nao si wa kuaminika daima: CryoSat ya kwanza ilipotea wakati wa kurushwa Oktoba 2005, na nyingine haikuruka hadi Aprili 2010. Miaka isiyopimwa haiwezi kupimwa tena. Picha ya 1963 ilipigwa na watu wasiokuwa na nia ya kuichunguza barafu, na thamani yake ilionekana baada ya miaka 35. Hiyo ndiyo sababu ya kuendelea kupiga, kutunza na kufungua kumbukumbu ambazo manufaa yake hayajaonekana bado.