Upana wa Njia

Msomaji, ukitoka Sironga ukafika Nairobi kwa mara ya kwanza, bila shaka utastaajabia urefu wa majumba. Lakini yafaa uinamishe macho, uitazame njia yenyewe. Simama kando ya Kenyatta Avenue, upime kwa macho upana wake toka ukuta hata ukuta. Upana huo haukuja wenyewe. Uliamuliwa na watu kwa haja ya wakati wao, na kila kizazi kilichofuata kimelazimika kuamua upya ni nani apewe nafasi ile.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukaota kando yake. Siku hizo motokaa zilikuwa bado kuenea. Mizigo ilichukuliwa kwa magari yaliyokokotwa na maksai, jozi mbele ya jozi, na gari la namna hiyo haligeuki katika uchochoro. Ndiyo sababu, kama isimuliwavyo, njia hiyo ilifanywa pana. Kwanza iliitwa Sixth Avenue. Kisha ikaitwa Delamere Avenue, kwa jina la mlowezi mashuhuri aliyefariki mwaka 1931, na sanamu yake ikasimamishwa hapo. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 sanamu hiyo iliondolewa, na njia ikapewa jina la Kenyatta.

Maksai wakatoweka, upana ukabaki. Nani aliurithi? Katikati palipandwa miti, lakini sehemu kubwa ilitwaliwa na motokaa. Papo hapo pana sanamu nyingine, ambazo hazikuondolewa: sanamu za shaba za mwaka 1928, ziwakumbukazo askari na wapagazi Waafrika wa vita vya 1914 hadi 1918. Wapagazi wale walikwenda masafa marefu kwa miguu, mizigo vichwani, na maelfu yao hawakurudi makwao. Leo mpagazi wa shaba amesimama, magari yakimpita huku na huku. Nao wakazi wengi wa Nairobi wangali wakienda kwa miguu, na mara nyingi walichoachiwa ni ukingo mwembamba wa njia.

Mwaka 2019 serikali ya kaunti ya Nairobi, ikisaidiwa na shirika la Umoja wa Mataifa lishughulikialo makazi, ilijaribu shauri jingine katika Luthuli Avenue, njia ijulikanayo kwa maduka ya redio na televisheni. Jina lake ni la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobeli ya Amani, ile ya mwaka 1960. Nafasi ya magari ilipunguzwa, yakaagizwa kwenda upande mmoja tu. Njia za miguu zikapanuliwa, miti ikapandwa, viti vikawekwa. Haikuwa bustani kamili, lakini ilikuwa hatua ya kuelekea bustani ndefu mfano wa utepe, ambamo mzee aweza kupumzika na mtoto kutembea bila hofu.

Usidhani mambo kama hayo huja bila mabishano. Mwenye duka huuliza mteja wake ataweka wapi motokaa; dereva wa matatu huuliza abiria atawapakia wapi. Maswali hayo ni ya haki, wala hayajibiwi kwa dharau. Lakini nafasi ya watu wote, ikikosa msemaji, hutwaliwa upesi. Mwaka 1989 palitokea mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika Uhuru Park, bustani iliyofunguliwa mwaka 1969. Wangari Maathai aliupinga, akashutumiwa hata Bungeni, naye hakunyamaza. Mwishowe mpango ukaachwa.

Sasa itazame miji yetu ya Kisii na Nyamira. Vilima vyetu vimejaa watu, na ardhi ni haba. Ni rahisi kuacha nafasi ya miti na ya miguu siku njia inapopimwa. Ni vigumu kuirudisha baada ya kuta kujengwa. Wahenga walisema, penye nia pana njia. Wewe uliye darasani leo, huenda kesho ukawa mpima ardhi, mwakilishi wa wadi au mwenye duka. Siku utakapoletewa ramani ya mji, uliza kwanza: waendao kwa miguu wamewekewa nafasi gani?